Mwanao akitaka kusomea majani

HEBU tuseme ni Jumapili kama hii ya leo. Umetoka kanisani, umevua viatu na tai, umeketi nje ya nyumba yako huko Mogogosiek, na mbele yako shamba la chai linateremka kijani kibichi hadi kule chini kwenye kijito. Binti yako, ambaye matokeo yake ya kidato cha nne yaliwaleta majirani kukupa mkono wa pongezi, anakuletea kikombe cha chai. Badala ya kurudi jikoni, anasimama hapo hapo.

"Baba, nimekwisha kuamua. Nataka kusomea mimea."

"Kilimo? Vizuri sana. Utapata kazi kiwandani."

"La, Baba. Ikolojia ya mimea. Mimea ya msituni, namna inavyoishi na kwa nini inamea pale inapomea."

Hapo unaweka kikombe chini. "Majani? Kwani haya tunayobeba vikapuni kila siku ya Mungu hayajakutosha?"

Mama yake anaangua kicheko kule jikoni. Wewe pia unacheka, lakini usiku usingizi hauji. Jirani yako ana mwana anayesomea uuguzi, mwingine ana binti aliye katika uhasibu. Bonasi ya Oktoba ilikwisha kulipa madeni, tena sote twajua kwamba wakulima wa upande huu wa magharibi wa Bonde la Ufa hupata bonasi ndogo kuliko wenzao wa Kirinyaga na Nyeri. Je, utoe pesa hizo chache mtoto aende kusoma habari za vichaka?

Makala haya ni yako wewe mzazi. Ni yako pia wewe binti, au wewe kijana, uliyesimama hapo ukingoja jibu. Sitakudanganya kwamba njia hii ni rahisi au kwamba ina fedha nyingi. Nataka tu uijue ilivyo kabla hujamkataza mtoto, au kabla hujajitosa.

KIBUYU CHA KOGO

Kwanza tuondoe hofu ya jina. Ikolojia ni elimu ya namna viumbe wanavyoishi pamoja na wanavyohusiana na mahali walipo: udongo, maji, mwangaza, baridi, na sisi wanadamu tukiwemo. Mtaalamu wa ikolojia ya mimea akiuona mti, hatosheki na jina lake. Atauliza umefikaje hapo, mbegu yake ililetwa na nani, unamzuia nani asiote, na ukiondoka nini kitafuata.

Ukidhani hiyo ni elimu ya Wazungu, nenda kamwulize kogo, yaani nyanya yake binti huyo. Mwulize senetwet humea wapi. Kila nyumba ya Wakipsigis iliyowahi kutengeneza mursik inakijua kichaka hicho chenye maua ya manjano, kwa maana ni kwa makaa ya vijiti vyake kibuyu husuguliwa ndani kabla ya maziwa kutiwa. Kogo hatakutuma katikati ya msitu ukakitafute. Atakwambia uende kando ya barabara, au kwenye shamba lililoachwa, au pale boma la ng'ombe lilipokuwa. Kwa maneno mengine, kogo anajua kwamba senetwet hupenda ardhi iliyochezewa. Chuo kikuu kitamfundisha mjukuu wake jambo lilo hilo kwa maneno marefu zaidi, na kitamtoza karo.

Chukua mfano wa tebeswet, mti ule ambao majani yake hugeuka rangi ya chungwa kabla ya kuanguka. Huo ni mti wa kutangulia: mahali mti mkubwa umeanguka na jua likapata kuingia, tebeswet huwahi kuota. Tendwet ni tabia nyingine. Huo ndio mti ambao Wakikuyu huuita muiri na wataalamu huuita Prunus africana. Hukua polepole, matunda yake hubebwa na ndege na nyani, na mbegu zake zikikaushwa na kuwekwa kwa muda mrefu hupoteza uhai. Gome lake limechunwa kwa wingi katika nchi kadhaa za Afrika na kuuzwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi ya wanaume wazee, hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaolinda viumbe walio hatarini. Mzee wa Mogogosiek aliyepanda tendwet kando ya boma lake ana mali ambayo huenda hajui bei yake.

Tena angalia majina ya mahali. Silibwet, ule mji mdogo karibu na Bomet, ni jina la mti. Tegat, ambalo pia ni jina la kiwanda cha chai, ni mwanzi wa mlimani. Waliotutangulia waliita mahali kwa kile walichokiona kikimea. Siku hizi mtoto anaweza kupanda matatu inayokwenda Silibwet mwaka mzima asijue mti wenyewe unafananaje.

KARATASI ZA GAZETI

Sasa tufuate safari yenyewe. Tuseme umekubali, ingawa shingo upande, na binti amejaza fomu za kuchaguliwa chuo. Vyuo vya kusomea mambo haya haviko mbali kama zamani. Kabianga iko hapo Kericho, Egerton iko Njoro ng'ambo ya msitu wa Mau, na Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho kabla ya mwaka 2013 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi huko Chepkoilel, kinajulikana kwa masomo ya mazingira. Maseno, Nairobi na Kenyatta nazo zipo. Iwapo unaogopa kwamba hatapata kazi, kuna mlango wa pembeni ambao wengi wameupitia: asome shahada ya ualimu wa sayansi, afundishe biolojia, kisha akiwa na mshahara wake arudi kwa shahada ya uzamili. Usiudharau mlango huo. Tutauona tena kabla hatujaagana.

Katika mwaka wa kwanza au wa pili atarudi nyumbani likizo na ombi la ajabu. Hatataka viatu wala simu. Atataka magazeti ya zamani.

Mmea unaochukuliwa kwa utafiti hukatwa kitawi chenye majani pamoja na maua au matunda, ukatandazwa ndani ya kurasa za gazeti, ukawekwa katikati ya mbao mbili na kukazwa kwa mikanda. Karatasi hunyonya maji. Siku za mwanzo lazima magazeti yabadilishwe kila siku, la sivyo mmea huota ukungu, hasa katika nchi ya mvua kama yetu. Ukikauka hushonwa au kugundishwa juu ya karatasi ngumu, na kwenye pembe huandikwa jina lake, mahali ulipotoka, tarehe, urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari, jina la aliyeuchuma, na jina ambalo wenyeji huuita. Nyumba inayohifadhi mimea mikavu ya namna hiyo huitwa hebariamu.

Kubwa kuliko zote Afrika Mashariki ni ile iliyo katika Makavazi ya Taifa, Nairobi, na historia yake ni ndefu. Ilianzia Amani, katika milima ya Usambara huko Tanzania, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902. Mwaka 1950 mimea hiyo ilihamishiwa Nairobi. Leo imo mamia ya maelfu. Kwa miaka mingi ilisimamiwa na mama mmoja wa Kiganda, Christine Kabuye, ambaye pamoja na Patrick Maundu na Grace Ngugi alitoa mwaka 1999 kitabu cha vyakula vya asili vya mimea vya Kenya. Ukila managu au saga hotelini siku hizi bila kuonekana mshamba, wataalamu wa mimea wana mkono wao katika jambo hilo.

Kazi ya kuandika mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania katika mfululizo mmoja wa vitabu ilianza kutolewa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012. Miaka sitini! Spishi zaidi ya 12,000. Walioanza kazi hiyo wengi hawakuiona ikimalizika. Namtajia mzazi jambo hili kusudi asishangae mtoto akimwambia kwamba utafiti wake "bado kidogo".

BONDE LA SAMBRET

Shahada ya kwanza hupita. Shahada ya uzamili ndiyo inayompima mtu, kwa maana sasa hapewi tena majibu ya kukariri. Anaambiwa alete swali. Kwa kawaida ni miaka miwili, mmoja darasani na mwingine porini, ingawa ule wa porini una tabia ya kuzaa mwingine.

Je, binti wa Mogogosiek aulize swali gani? Lipo limelala mlangoni pake. Kila mtu hapa amesikia kwamba kukata msitu kunakausha mito, na kila mtu anaishi kwa chai iliyopandwa mahali palipokuwa msitu. Basi ukweli ni upi?

Msomaji, watu waliwahi kulichukua swali hilo kwa uzito, tena papa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa lile shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki walianza kupima maji katika mabonde mawili ya msitu wa Mau ya Kusini Magharibi, upande wa Kericho. Bonde moja, Lagan, liliachwa na msitu wake. Katika lile la pili, Sambret, sehemu kubwa ya msitu ilifyekwa na kupandwa chai. Waliweka vipimo vya mvua, wakajenga vizuizi vya kupimia maji ya kijito, wakaandika mwaka baada ya mwaka hadi miaka ya 1970.

Matokeo hayakumfurahisha kila mtu. Wakati wa kufyeka na chai ikiwa changa, maji ya mvua yalishuka kwa kishindo zaidi. Lakini chai ilipokomaa na kufunika ardhi, katika shamba lililopangwa kwa uangalifu na kulindwa dhidi ya mmomonyoko, tofauti ya maji yaliyotoka kwa mwaka kati ya bonde la chai na bonde la msitu haikuwa kubwa kama watu walivyodhania.

Usikimbie na neno hilo kwenda kufyeka. Kwanza, bonde la Sambret lilikuwa la kampuni kubwa yenye wahandisi. Halikuwa vipande vya ekari moja moja vyenye njia za ng'ombe zinazoshuka wima mtoni. Pili, maji si jambo pekee ambalo msitu hufanya. Hakuna tumbiri wala tendwet katika mistari ya chai. Tatu, watafiti waliopima vijito vya Mau hiyo hiyo ya Kusini Magharibi katika miaka ya 2010 waliona kwamba kijito kinachotoka eneo la mashamba madogo hubeba tope jingi mno kuliko kile cha msituni na kile cha mashamba makubwa ya chai. Wakanyoshea kidole, pamoja na mambo mengine, barabara za udongo na vijia vya miguu na vya mifugo.

Hebu fikiri. Hasira zote tumezielekeza kwa mti wa chai, kumbe kile kijia ambacho ng'ombe wako hupita kila asubuhi kwenda kunywa maji kina kesi ya kujibu. Jambo la namna hiyo halijulikani kwa kuhisi. Hujulikana kwa mtu kusimama mtoni na chupa, mvua ikimnyeshea.

Basi binti yako atapata kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, na ruhusa ya Shirika la Misitu kuingia Mau. Atatandaza kamba ya mita kwa mita kutoka ukingo wa chai hadi ndani ya msitu, na kila baada ya hatua fulani ataweka fremu ya mraba chini na kuhesabu kila mche uliomo. Miti mikubwa ataipima unene kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, mahali wataalamu wa dunia nzima walipokubaliana kupimia ili hesabu zao zilingane. Atang'atwa na siafu na kuwashwa na upupu. Utapigiwa simu saa mbili usiku kwamba mvua imezuia bodaboda na analala kwa watu asiowajua vizuri. Mama yake atakulaumu wewe.

Na kogo? Kogo ndiye atakayemwokoa. Kitabu cha Beentje cha miti ya Kenya, kilichotolewa mwaka 1994, kina majina ya Kikipsigis kando ya majina ya Kilatini, na mtafiti anayelijua jina la nyumbani huipata kurasa upesi kuliko mwenzake aliyekulia mjini. Mara nyingi mwanafunzi wa kijijini hudhani anaanza nyuma. Katika somo hili ameanza mbele.

PESA JE?

Najua ulikuwa ukilingojea swali hili, basi tuliseme waziwazi. Kazi zenyewe si nyingi. Zipo katika Shirika la Misitu, katika taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI, katika Makavazi, katika taasisi ya utafiti wa chai hapo Kericho, katika vyuo vikuu na katika serikali za kaunti. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, ile iliyoanzisha NEMA, ilisema miradi mikubwa lazima ichunguzwe madhara yake kabla ya kujengwa, na kazi hiyo huhitaji watu wanaoijua mimea. Lakini wahitimu ni wengi kuliko viti, na mtu aweza kukaa miaka kwenye kandarasi za miezi sita sita. Anayetaka gari la kuendesha akiwa na miaka ishirini na sita, afadhali atafute jambo jingine.

Mkopo wa HELB upo, na hulipwa baadaye. Kwa uzamili, mara nyingine mradi wa mhadhiri humlipia mwanafunzi gharama za porini. Siyo kila mara. Na nina neno kwa wewe binti: kabla hujakubali msimamizi wa tasnifu, waulize wanafunzi wake wa zamani walichukua muda gani kumaliza. Swali hilo moja limewaokoa wengi.

Baba wa watu, sasa nakurudia. Karo ambayo imemfikisha mtoto hapo ilitoka wapi? Chai, ndiyo. Lakini chai ilipopungua bei, uliuza nini? Aghalabu ni mikaratusi, ile blugamu uliyoipanda kule chini kando ya kijito kwa sababu hapo palikuwa na unyevu na chai haikupenda. Mikaratusi imo nchini tangu mwaka 1902, ilipoletwa kwa ajili ya kuni za garimoshi la reli ya Uganda, na siku hizi viwanda vya chai huihitaji kukaushia majani. Hukua upesi, hukatwa ikachipuka tena, nayo mnunuzi wake hakosi. Ni benki ya mtu asiye na benki.

Na binti yako, siku atakayoleta matokeo yake nyumbani, huenda akalazimika kukwambia kwamba benki hiyo haistahili kuwa hapo. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi ing'olewe, na kelele zilizotoka kwa wakulima tunazikumbuka. Amri ya waziri mtu aweza kuinong'onea pembeni akaiacha ipite. Ya mwanao mezani utaifanya nini?

MUGUMO WA IHITHE

Yuko mwanamke mmoja wa nchi hii aliyepita njia kama hiyo, na ni vyema kumkumbuka alivyoanza, kwa maana wengi humfahamu kwa tuzo tu. Marehemu Profesa Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mti mmoja wa mugumo karibu na nyumbani, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Chini yake palikuwa na chemchemi na kijito ambamo mtoto huyo alicheza na viluwiluwi.

Hakusomea misitu. Mwaka 1960 alikwenda Marekani, akasoma biolojia huko Kansas na Pittsburgh, kisha mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, katika elimu ya viungo vya wanyama. Alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Akichunguza ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, akawa anatoka kwenda mashambani kukusanya kupe hao, akaona jambo ambalo halikuwa katika utafiti wake: mito ilikuwa ya rangi ya udongo na ng'ombe walikuwa mifupa mitupu. Aliporudi Ihithe alikuta mugumo umekatwa. Mwenye shamba alitaka nafasi ya kupanda chai. Kijito kilikuwa kimekauka.

Chai, msomaji. Ile ile.

Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani, na mwaka 2011 akafariki. Kinachonigusa mimi ni mahali alipopata mafanikio. Hakuyapata kwa kuwahutubia kina mama habari za hewa na tabianchi. Aliwauliza wana shida gani, wakasema kuni, maji, na chakula cha watoto. Miche ikatoka hapo. Maofisa wa misitu walidai kupanda miti kunahitaji wenye diploma. Kina mama wakatumia mikebe iliyotoboka na vyungu vilivyovunjika kuoteshea mbegu, na miti ikamea.

TOPE KWENYE CHUPA

Hapo ndipo ikolojia inapokutana na elimu ya mazingira, na hapo ndipo wasomi wetu wengi hupotea. Tasnifu hufungwa jalada gumu, nakala moja ikaenda maktaba ya chuo, mwenyewe akapigwa picha na joho, basi. Mkulima ambaye shamba lake lilipimwa haambiwi lolote. Kuna wakulima katika nchi hii wamehojiwa na watafiti watano na hawajawahi kusomewa hata jibu moja. Wakimwona wa sita wanajificha, na mimi siwalaumu.

Lakini kumbuka mlango wa pembeni wa ualimu. Mwalimu wa biolojia aliyesoma ikolojia ana hadhira kila asubuhi. Kenya haikuanza jana: Klabu za Wanyamapori, ambazo zilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968, zilitangulia Afrika nzima, na wengi wetu tuliwahi kuvaa beji zake. Ila elimu ya mazingira katika shule nyingi imebaki kuwa mashairi siku ya tamasha na miche siku ya mgeni rasmi. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitoa siku nzima ya mapumziko taifa lipande miti. Nani katika kata yako alirudi mwaka mmoja baadaye kuhesabu iliyo hai? Mtaalamu wa mimea angeanzia hapo, kwa kuhesabu, na angewapa watoto kazi ya kuhesabu.

Somo lenyewe ni rahisi. Asubuhi baada ya mvua, mwalimu huwachukua wanafunzi hadi kijitoni, mahali maji si ya hatari. Chupa moja ya plastiki isiyo na rangi huchotwa juu ya kijia cha ng'ombe, nyingine chini yake. Huwekwa dirishani darasani bila kutikiswa. Kesho yake tope limeketi, na mtoto wa darasa la tano hulipima kwa rula. Jioni anakwenda nyumbani kusema, "Baba, ng'ombe wetu." Hakuna mzee anayefoka kwa hilo kama anavyofokea ofisa wa serikali.

Wiki ijayo hupima tena, baada ya wazazi kuweka matuta ya kukata maji kwenye kijia, au kupanda nyasi pembeni. Rula itasema kama imesaidia. Maji hayo, ya Itare na ya Kipsonoi, huungana kuwa Sondu, yakazungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye megawati 60, kisha yakaingia Ziwa Victoria. Jopo la serikali lililochunguza Mau lilisema katika ripoti ya mwaka 2009 kwamba karibu robo ya msitu huo wenye zaidi ya hekta 400,000 ilikuwa imepotea katika muda wa miaka kama ishirini. Mtoto wa Mogogosiek hawezi kuirudisha robo hiyo. Chupa anaiweza.

Na ile mikaratusi yako? Binti mwenye adabu hatasimama barazani kukuaibisha mbele ya wazee wenzako. Atangoja mle chakula. Atakuuliza uliikata mara ya mwisho lini, ulipata kiasi gani, na chemchemi ilikuwa ikitoka mpaka mwezi gani ulipokuwa kijana. Wewe ndiwe utakayejibu, kwa kuwa yeye hakuwepo. Kisha atakwambia kwamba kuna kipande kule juu, penye mawe, ambapo chai haijawahi kustawi. Mikaratusi ihamie huko, ile ya chini isikatwe yote kwa siku moja ila mstari mmoja mmoja kadiri inavyouzwa, na badala yake zipandwe silibwet na tendwet ambazo atakuletea mwenyewe miche yake. Utakataa. Baada ya miezi miwili utamwuliza kama miche hiyo bado ipo.

Hayo yote ni ya miaka sita au minane ijayo. Leo ni Jumapili tu, yeye bado amesimama hapo, na chai inapoa. Kama umeamua angalau kumsikiliza, ukimaliza gazeti hili usilifungie nyama wala usiwashie moto. Mwambie alichukue, aende na kogo kule barabarani wakate kitawi cha senetwet chenye maua, wakitandaze ndani ya kurasa za katikati na kuweka mawe juu. Abadilishe karatasi kesho, na kesho kutwa, na siku inayofuata. Magazeti ya jirani nayo mwombe.